Asiye na Bomba na Lake Halipo?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii wengi wetu tumeisikia nyumbani wakati wa kugawa chakula, na mara nyingi husemwa kwa utani. Aliyechelewa kurudi kutoka mpirani anakuta sufuria imekwanguliwa, watu wanamcheka, mambo yanaisha. Lakini zipo methali ambazo ukizitoa jikoni na kuzipeleka mtaani zinaota meno. Leo nataka tuitazame hii kupitia maji. Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: katika mapatano baina ya mwenye bomba na yule anayemletea maji, mtu asiye na bomba anayo haki gani? Hakutia sahihi popote. Hana mita wala ankara. Hata akitaka kulalamika, jambo la kwanza atakaloulizwa ni namba ya mita. Je, kwa kuwa hayupo katika mapatano hayo, na lake halipo?

Najua wapo watakaosema: wewe mwandishi chipukizi, uliyeishia kidato cha nne, mambo ya mamlaka za maji na mikataba unayajulia wapi? Waachie wataalamu. Nakubali kwamba mabomba ni kazi ya mafundi, na mahesabu ni kazi ya wahasibu. Lakini nani ahesabiwe na nani asihesabiwe, hilo si suala la fundi. Ni suala la maadili, na katika maadili sote bado tuko darasani.

Nianze na kwetu. Mtwara mjini maji ya bomba yako chini ya mamlaka ya umma, MTUWASA, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mtawanya. Mabomba yetu hayamilikiwi na kampuni binafsi. Kwa hiyo mtu akisema watoa huduma binafsi wa maji wadhibitiwe, wengi hapa wanaona hizo ni habari za Dar es Salaam au za Ulaya. Subiri kwanza. Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na haina bomba. Bomba la mtaa limepita hatua kama arobaini kutoka uani kwetu. Mwenye nyumba haishi hapa, na kwa kuwa hanywi maji ya hapa haoni sababu ya kugharamia mtaro, bomba na mita. Sisi wapangaji nasi tunaogopa kuchanga. Kesho ukiambiwa uhame, utahama na bomba? Basi kila asubuhi tunanunua: mara kwa jirani mwenye bomba, mara kwa mwenye kisima, mara kwa kaka mmoja anayepita na baiskeli yenye madumu sita. Hao wote ni watu binafsi wanaouza maji. Kampuni yetu ina magurudumu mawili na kengele.

Hebu tupige hesabu kidogo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuseme ndoo ni shilingi 100 tu, bei ya kindugu. Uniti moja inakuwa shilingi 5,000. Shangazi yangu ana bomba. Nimezitazama ankara zake, uniti yake haifiki nusu ya hapo. Na siku ambayo umeme umekatika, pampu zimelala, ndoo ikiletwa mpaka mlangoni, hiyo 100 isahau. Maana yake ni kwamba mama wa chumba kimoja anayekaanga mihogo barazani ananunua maji kwa bei kubwa kuliko ofisa anayemwagilia maua. Wala si Mtwara peke yake. Nenda Dar es Salaam, nenda Nairobi, nenda Kampala: mtaa usio na bomba ndio unaolipa zaidi kwa kila lita.

Sasa tumkamate nani? Siku moja nilimtania yule kaka wa baiskeli, nikamwambia, "Kaka, nyie mnatunyonya." Hakukasirika. Aliegesha baiskeli, akajifuta jasho, akasema, "Dogo, wewe unahesabu ndoo. Mimi nahesabu tairi, spoku, mchanga huu unaouona, na foleni ya saa kumi usiku. Mwenye bomba ananiuzia, mimi nakuuzia. Haya, wewe uliyesoma niambie: mkishavuta bomba wote, mimi nitakula wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Lakini jambo moja lilinikaa: yule si mnyonyaji. Ni mlalahoi anayeuza jasho lake, na maji yamo ndani ya jasho hilo. Ukimfukuza bila kuleta bomba, hujamsaidia mtu. Umeongeza urefu wa safari ya mama na ndoo yake, basi.

Kulikuwa na wakati ambapo jibu la maswali haya lilionekana rahisi. Mwaka 1965 serikali yetu changa iliamua kwamba gharama za maji vijijini zibebwe na serikali. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Hapa kusini Wafini walikuja na pesa na mitambo, wakafanya kazi Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee bado wanawataja. Mwaka 1991 ulifika. Mita 400 zikabaki kwenye makaratasi kwa mamilioni ya watu. Dizeli iliisha, vipuri vikakosekana, pampu zikaota kutu. Maji yalikuwa bure, ila hayakuwepo. Sera ya mwaka 2002 ikasema waziwazi kwamba mtumiaji achangie gharama.

Siwacheki wazee wetu kwa hilo. Wao angalau walianza kuhesabu kutoka mahali panapostahili, kwa yule asiyekuwa na maji, wakauliza yuko umbali gani. Walichokosa ni namna ya kulipia. Waliokuja baadaye walijua namna ya kulipia, lakini wakaanza kuhesabu kutoka kwa mteja.

Wengi wenu mliozaliwa juzi hamkumbuki kisa cha City Water, kwa hiyo nitakisimulia kwa kifupi. Wakopeshaji wa nje, Benki ya Dunia ikiwa mbele, walitaka huduma ya maji ya Dar es Salaam iendeshwe na kampuni binafsi. Februari 2003 ukatiwa sahihi mkataba wa miaka 10. City Water ilikuwa ya ubia: Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani upande mmoja, na mwenzao wa hapa nyumbani upande wa pili. Mabomba yalibaki mali ya DAWASA, ila kampuni ndiyo ingesambaza maji, kutoza na kukusanya. Ilianza kazi Agosti 1, 2003. Mei 2005, kabla hata ya kutimiza miaka miwili, serikali ilitangaza kuuvunja mkataba. Waziri wa Maji wakati huo alikuwa Edward Lowassa. Makusanyo yalikuwa yameshuka hata chini ya yale ya DAWASA wenyewe. Juni 1 shirika jipya la umma, DAWASCO, likashika usukani, na mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Kesi zikafuata. Jopo la usuluhishi la London liliiamuru kampuni iilipe DAWASA kiasi cha pauni milioni 3. Jopo jingine, lile la Benki ya Dunia la migogoro ya uwekezaji, lilisema Julai 2008 kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini haikupaswa kulipa fidia hata senti, kwa kuwa wakati ule kampuni ilikuwa haina thamani tena.

Watu walishangilia, na mimi sina haja ya kuwanyima furaha yao. Ila katika kisa hiki kuna mambo mawili ambayo vijiweni hayasemwi.

La kwanza ni refa. Sheria ya kuunda EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilipitishwa mwaka 2001. EWURA yenyewe ilianza kazi mwaka 2006. Hesabu mwenyewe, mshkaji wangu: kampuni iliingia uwanjani 2003, ikatolewa 2005, refa akafika 2006 akiwa na filimbi yake mpya. Mchezo mzima wachezaji walikuwa wanajipulizia wenyewe. Ndipo watu wanabishana mpaka leo kama ubinafsishaji ulifaa au haukufaa, kana kwamba ubinafsishaji wenye refa ulipata kuchezwa.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mpango ule ulikuwa na mfuko maalumu kwa ajili ya kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza watu wa majumbani. Yaani wenye mabomba wangechangia kidogo, na hicho kidogo kingewavutia bomba wasiokuwa nalo. Waliouandika mpango walimkumbuka yule asiyekuwepo. Lakini mvutano ulipoanza baina ya kampuni na serikali, kila upande ulikuwa na mawakili wake na hoja zake: makusanyo, ada, dhamana, fidia. Yule aliyekuwa akisubiri bomba lake la kwanza Mbagala au Manzese hakuwa na wakili kwenye jopo lolote. Asiyekuwepo na lake halipo. Mpaka leo ukisoma kisa hiki unaambiwa nani alishinda na nani alishindwa, na yeye hatajwi kwa wote wawili.

Hapa ndipo ninapotaka kusema lile lililonifanya nishike kalamu. Tumezoea kudhani kazi ya mdhibiti ni kumlinda mteja dhidi ya mwuzaji: bei isipande hovyo, maji yasiwe machafu, mita isidanganye. Ni kazi njema. Lakini mteja tayari anayo sauti. Ana ankara ya kutikisa mezani. Anaweza kukataa kulipa, kupiga simu redioni, kumkera diwani. Mtu anayehitaji zaidi mlinzi ni yule ambaye bado si mteja. Tena mara nyingine maslahi yao yanagongana. Ukiishusha bei sana kwa ajili ya mwenye bomba, mamlaka au kampuni inakosa pesa ya kulirefusha bomba hadi kwa asiye nalo, na wenye mabomba wanapiga makofi. Nasema makofi hayo ni ya watu waliokwisha kukaa mezani.

Nililisema hili kijiweni, ubishi ukazuka. Jamaa yangu mmoja, kichwa kizuri sana kwa hoja, akauliza: "Kwa nini mimi nilipie bomba la mtu mwingine? Nimejinyima, nimechimba mtaro wangu, nimenunua mita yangu. Yeye naye ajinyime." Hoja hii si ya kudharau. Kujinyima ni jambo la heshima. Lakini tulitazame hilo bomba lake kwa makini. Yeye alichimba hatua ishirini. Nani alichimba visima? Nani alilaza bomba kubwa chini ya barabara, akajenga tangi, akanunua pampu? Vilijengwa kwa kodi, kwa misaada, na kwa mikopo ambayo nchi nzima inalipa. Yule mama wa mihogo analipa kodi kila anaponunua sabuni na mafuta ya kula, na deni la taifa halimuulizi kama ana mita. Kwa hiyo yeye ndiye anayelipia bomba la mtu mwingine, miaka nenda miaka rudi, halafu ananunua ndoo kwa bei ya juu. Analipa mara mbili kwa kitu ambacho hana. Tukimwambia mwenye bomba aongeze kidogo kwenye ankara ili bomba lisogee mbele, hatumwombi sadaka. Tunamwomba aanze kurudisha.

Jamaa yangu akatikisa kichwa, akasema hayo ni maneno ya siasa. Basi nikamhamishia kwenye habari ambayo haina siasa, habari ya choo.

Maji ukinyimwa, umenyimwa. Anayekunyima hapati hasara yoyote siku hiyo. Uchafu haufuati adabu hiyo. Sehemu kubwa ya mji wetu haina bomba la maji taka. Tuna vyoo vya shimo na makaro. Gari la kunyonya ni la kukodi, na bei yake ni mzigo kwa nyumba ya wapangaji sita ambao kila mmoja anadai choo kimejazwa na mwenzake. Matokeo yake mnayajua. Masika ikishika, usiku wa mvua kubwa, mtu anatoboa karo lake ili mvua ichukue. Dar es Salaam wanaita kutapisha choo. Asubuhi kila mmoja anatazama pembeni, na ile kitu imepita kwa jirani, imeingia kwenye kisima ambacho wote tunanunua ndoo. Kwenye udongo wa kichanga kama huu wa pwani, choo na kisima ni majirani wanaotembeleana kila siku bila hodi. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam kikasambaa mikoani. Mdudu yule haulizi ankara.

Watu wa London walijifunza jambo hili kwa msiba. Karne ya 19 mji wao ulikuwa unapata maji kutoka kwa kampuni binafsi, na kusini ya mto Thames kampuni mbili zilikuwa zikigombea mitaa ile ile, hata nyumba mbili zilizopakana zikawa na mabomba ya kampuni tofauti. Sheria ya mwaka 1852 iliziamuru kampuni ziache kuchota maji sehemu ya mto iliyochafuliwa na mji, zikachote juu zaidi, na zikapewa muda wa kutekeleza. Kampuni ya Lambeth ilihamia juu mapema. Southwark and Vauxhall ikaendelea kuchota palepale. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1854, daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: hapa mnapata maji ya nani? Katika majuma saba ya kwanza, alihesabu vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall, na vifo 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth. Mto mmoja, mitaa mmoja na mwingine ikipakana, tofauti ni mahali pa kuchota. Tazama alichokifanya Snow. Hakuanza na vitabu vya kampuni. Alianza na milango ya watu. Huo ndio udhibiti ninaouzungumzia: kwenda mlango kwa mlango na kuhesabu, hata pale ambapo hakuna mita ya kusoma.

Na sisi watu wa huku tulijua tangu zamani kwamba maji na uhai vinaweza kugombana. Ngano ya asili ya Wamakonde, iliyoandikwa tangu enzi za Wajerumani, inasema mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, usiku sanamu ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma wakaoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda hadi nyanda za juu, upande wa Mahuta, huko ndiko mtoto wa tatu aliishi. Wazee wakatoa usia kwamba watu wasijenge mabondeni karibu na maji makubwa, maana huko kuna maradhi. Ukiitafakari, hiyo ni kanuni ya afya ya jamii iliyovalishwa kanzu ya hadithi. Lakini gharama yake ililipwa na nani? Na wanawake, waliokuwa wakishuka mteremko wa Newala na mitungi na kuupanda tena, vizazi kwa vizazi. Kanuni ilikuwa nzuri, watoto waliishi. Mzigo wake ukawekwa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Kila kanuni ya maji, ya mizimu au ya serikali, inafaa kuulizwa swali hilo: mzigo umewekwa kwa nani?

Wengine watasema mwenye kisima ana haki na mali yake. Ni kweli, anayo. Sisi tuliopita chuoni kwa maalimu tulisimuliwa habari ya kisima cha Ruma kule Madina. Mwenyewe alikuwa akiuza maji, na maskini wakiumia. Inasimuliwa kwamba Uthman bin Affan hakumnyang'anya wala hakumtukana. Alinunua nusu, wakakubaliana kila mmoja awe na siku yake. Siku ya Uthman watu walichota bure, tena walichota ya siku mbili. Siku ya pili mwenzake akakosa wateja, akaona bora auze na nusu iliyobaki, na kisima kikawa wakfu. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba mwenye mali alilipwa haki yake na maskini akapata maji, yote mawili kwa pamoja. Mtu aliona kwamba bei ya mmoja ilikuwa kiu ya wengi, akaingia kati kwa pesa na kwa mpango.

Nadhani hapo pia ndipo lilipo jibu la yule kaka wa baiskeli. Akisajiliwa, akapewa gati la kuendesha pale mtaani, bei ya ndoo ikabandikwa ukutani kila mtu aione, naye akalipwa sehemu yake, amepata kazi isiyomlazimu kuamka saa kumi usiku kushindana na wenzake. Mwenye gari la kunyonya naye awe na bei inayojulikana na mahali halali pa kumwaga, na mwenye nyumba ya kupangisha alazimishwe kuwa na choo kinachonyonyeka na bomba uani kabla ya kupokea kodi. Gharama ya kuvuta bomba iingizwe kwenye ankara kidogo kidogo, si kudaiwa yote siku ya kwanza. Na mamlaka, ya umma au ya binafsi, ipimwe kila mwaka si kwa makusanyo tu bali kwa milango mipya iliyofikiwa, na ile ambayo haijafikiwa itajwe kwa mtaa. Senegal tangu 1996 waliiweka huduma ya maji mijini mikononi mwa kampuni binafsi huku mabomba yakibaki ya umma, na miunganisho ya bei nafuu kwa maskini ikiwa sehemu ya mpango. Si pepo. Lakini wasiokuwepo waliandikwa tangu mwanzo.

Hapa Mtwara hatuwezi kusema kazi ya mabomba haiwezekani. Tumeiona kwa macho. Mwaka 2013 mji huu uliwaka moto kwa sababu ya gesi ya Mnazi Bay; watu walipinga isipelekwe Dar es Salaam, damu ikamwagika, na bado bomba likajengwa. Mwaka 2015 likazinduliwa, zaidi ya kilomita 500. Nchi iliyoweza kulaza bomba lile kupita misitu na mito haiwezi kushindwa na bomba la nusu inchi la hatua arobaini. Na mdhibiti yupo. Muulize kijana yeyote wa bodaboda EWURA ni nini, atakujibu ni wale wanaotangaza bei ya petroli kila mwezi. Bei ya lita ya petroli inajulikana kutoka Mtwara hadi Kagera, na kituo kikizidisha kinaulizwa. Bei ya lita ya maji kwenye dumu la mlangoni kwangu inategemea hali ya hewa na hasira za pampu. Sisemi petroli si muhimu. Nasema aliye na pikipiki amehesabiwa, na aliye na ndoo bado.

Julai 28, 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, 41 hazikuwa upande wowote, na yetu ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Sikulitaja hili ili tuone haya. Haki iliyotamkwa bila mtu wa kuhesabu milango haitofautiani sana na mita 400 za mwaka 1971. Lakini haki isiyotamkwa kabisa haina hata mahali pa kuanzia kuhesabu.

Ndugu zangu tunaojifunza kuandika, sisi tunapenda sana kuanza riwaya zetu kwenye foleni ya maji. Msichana mwenye ndoo anakutana na kijana, mapenzi yanaanza, ifikapo sura ya tatu foleni imesahaulika. Mimi mwenyewe nina sura kama hiyo na sitaifuta, ni nzuri. Ila nimeamua yule msichana arudi kila siku kwenye foleni ile, katika kila sura, kwa sababu ndivyo anavyoishi. Na ninyi, kabla hamjanijibu kwa barua kwamba haya ni mambo ya wataalamu, tokeni nje mwende milango kumi upande wa kulia na kumi upande wa kushoto. Ulizeni kila mlango, kama alivyouliza yule daktari: hapa mnapata maji ya nani, na choo chenu kikijaa kinakwenda wapi? Andikeni majibu. Hata kama hamtaandika riwaya, mtakuwa na orodha, na mtu aliyemo kwenye orodha si rahisi tena kuambiwa na lake halipo.